Peku, buti au chuma: farasi wa masafa marefu avae nini?

Mbio za Tevis Cup huanza alfajiri, saa kumi na moja na robo, kwenye misitu ya milima ya Sierra Nevada karibu na ziwa Tahoe, California. Mpanda farasi ana saa 24 kufika mji wa Auburn, kilomita 160 kutoka alipoanzia. Njia inapanda hadi kwenye miamba mitupu ya graniti, inateremka makorongo ambamo joto la kiangazi hupita nyuzi 38, inavuka mto American, na kwa jumla ina mteremko mwingi kuliko mwinuko. Mbio hizi zilianza mwaka 1955. Kwa kawaida karibu nusu ya farasi wanaoanza hawamalizi, na sababu inayoongoza ya kuondolewa njiani ni kuchechemea.

Mwaka 1973 mmoja wa walioondolewa alikuwa farasi wa kijana aitwaye Gordy Ainsleigh. Mwaka uliofuata Ainsleigh alirudi bila farasi, akaikimbia njia yote kwa miguu yake mwenyewe na kumaliza kwa saa 23 na dakika 42. Mbio maarufu za watu za Western States, za maili 100, zilizaliwa hapo. Ni kisa kizuri cha binadamu, lakini kwangu mimi kinaanza na farasi aliyeumia mguu, na mguu wa farasi ndio tunaouzungumzia hapa.

Kuchechemea kuna vyanzo vingi: kano, viungo, mgongo. Hata hivyo daktari wa farasi huanza kutazama chini kabisa, kwenye ukwato, na wapanda farasi wa masafa marefu wamebishana kwa miongo kadhaa juu ya kitu cha kuweka kati ya ukwato huo na ardhi. Wako wanaosema chuma cha misumari, kama ilivyokuwa tangu enzi za mababu. Wako wanaosema buti za mpira au plastiki. Wako wanaosema asivae chochote, aende peku kama alivyozaliwa. Sheria za mbio nyingi, zikiwemo za AERC, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1972, hazimlazimishi mtu kuchagua upande. Kwa hiyo kila mmoja huchagua mwenyewe, na wengi huchagua kambi kwanza, kisha ndipo humtazama farasi. Naona huko ndiko mjadala mzima unakopotea.

Anza na hesabu

Mwendo mkuu wa mbio hizi ni ule wa matiti: farasi hainuki kwenda shoti, wala hatembei polepole, bali anatupa miguu miwili miwili kwa mshazari, saa baada ya saa. Kwa mwendo huo husogea kama mita mbili na nusu hadi tatu kila mguu uleule unaporudi chini. Gawa kilomita 160 kwa hapo, utaona kila ukwato hupiga ardhi zaidi ya mara 50,000 kwa siku moja. Na miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa farasi hata akiwa amesimama tu. Kwenye mteremko hubeba zaidi.

Upande wa pili wa hesabu ni kukua. Ukuta wa ukwato huota kutoka kwenye mstari wa nywele kwenda chini, milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Chukua milimita 8: ni kama robo milimita kwa siku. Kutoka juu hadi ncha ya mbele kugusa ardhi huchukua miezi tisa hadi mwaka. Maana yake sehemu anayokanyagia farasi leo ilianza kuota mwaka jana, na kama mwaka jana aliugua homa au alibadilishiwa malisho ghafla, alama yake utaiona kwenye ukuta kama pete.

Ukiweka hesabu hizo mbili bega kwa bega, swali la viatu linabadilika sura. Kwanza ni swali la kama ukwato unalika haraka kuliko unavyokua. Farasi anayefanyishwa mazoezi kwenye nyasi na udongo mkavu laini hulika kidogo, tena huhitaji tupa mara kwa mara ili kwato zisirefuke. Farasi huyohuyo ukimpeleka kwenye changarawe kali na graniti, kilomita nyingi kila wiki, atamaliza robo yake ya milimita kabla siku haijaisha. Mwili hujaribu kufidia: ukwato unaolika sana huongeza kasi ya kuota. Lakini kasi hiyo ina kikomo, na mwamba hauna.

Unyevu huvuruga hesabu yote. Ukwato uliokaa kwenye matope wiki nzima huwa laini, hulika upesi, na unyayo wake huvilia damu kwa jiwe ambalo wakati wa kiangazi lisingemsumbua. Ndiyo maana farasi wa nchi kavu na farasi wa nchi ya mvua hawawezi kupewa ushauri mmoja, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja.

Kilichomo ndani

Ukuta wa nje hauna mishipa ya fahamu, ndiyo maana msumari ukipita mahali pake farasi hasikii maumivu. Ndani ya ukuta kuna mamia ya vikunjo vyembamba vilivyoshikana na vikunjo vya upande wa mfupa, kama vidole vya mikono miwili vilivyopishana. Mfupa wa mwisho wa mguu unaning'inia humo. Vikunjo hivyo vikivimba, ndio ule ugonjwa unaoogopwa wa laminaitisi, na mara nyingi chanzo chake si njia bali chakula: nafaka nyingi, nyasi zenye sukari nyingi, mwili mnene.

Chini ya mfupa kuna unyayo. Madaktari huupima kwa eksirei, na wengi wanapenda kuona unene usiopungua milimita 15 hivi. Farasi mwenye unyayo mwembamba kuliko huo huonyesha kwa mwendo wake: anachagua pa kukanyaga, anafupisha hatua, anatafuta ukingo wa njia wenye nyasi. Kuna wanaoita hali hiyo uvivu. Mimi naiita maumivu, na nadhani farasi wengi wameadhibiwa kwa kosa ambalo si lao.

Nyuma ya ukwato ndiko kwenye siri kubwa zaidi. Katikati ya unyayo kuna kabari laini yenye umbo la pembe tatu, inayofanana na mpira mgumu ukiigusa. Juu yake, ndani, kuna mto wa nyama, na pembeni mwa mto huo kuna gegedu. Farasi mwenye afya akitembea hutanguliza kisigino, na sehemu hizi tatu hupokea kishindo kabla hakijafika kwenye mfupa na kano. Robert Bowker wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan amefanya kazi nyingi kuonyesha kwamba mto huu haukomai wenyewe. Mtoto wa farasi huzaliwa nao ukiwa laini, wa mafuta zaidi, na kadiri anavyotembea sana kwenye ardhi ngumu akiwa mchanga ndivyo unavyogeuka kuwa wa nyuzi imara. Farasi aliyekulia kwenye zizi dogo, akapigiliwa chuma kabla hajakomaa, anaweza kufika umri wa mbio akiwa na mwili wa mwanariadha na visigino vya kitoto. Farasi kama huyo hutanguliza ncha ya mbele ili kukwepa kisigino kinachouma, na hakuna kiatu duniani kitakachomponya kwa kumvisha tu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza avae nini, mtazame farasi akitembea kwenye lami kutoka pembeni. Kisigino kinatangulia, au ncha? Jibu hilo lina thamani kuliko matangazo yote ya wauza viatu.

Peku

Wanaotetea peku wana mifano yenye nguvu. Katika miaka ya 1980 Jaime Jackson, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapigilia farasi viatu, alikwenda kuwatazama farasi mwitu wa eneo la Great Basin huko Nevada. Alikuta kwato fupi, ngumu, zenye ukingo uliojiviringa wenyewe kwa kusagwa na ardhi, na akawa miongoni mwa walioanzisha vuguvugu la kuwaacha farasi bila chuma. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Xenophon wa Ugiriki alishauri farasi wa vita wasimamishwe juu ya mawe ya mviringo ili kwato zikomae. Enzi zake viatu vya misumari havikuwapo. Na tangu mwaka 2009 kuna mbio za Mongol Derby, kilomita 1,000 kwenye nyika ya Mongolia, zinazokimbiwa na farasi wasiovaa kitu.

Mifano hiyo ni ya kweli, ila husimuliwa nusu. Farasi wa Nevada hambebi mtu, anajipangia mwendo, na hukaa palepale penye ardhi iliyomkomaza tangu siku aliyozaliwa. Katika Mongol Derby anayekwenda kilomita 1,000 ni mpandaji. Farasi hubadilishwa takriban kila kilomita 40, na anayeachwa hurudi kundini kupumzika. Sisi wa pwani tuna mfano wetu: punda wa Lamu hubeba mchanga na mawe ya ujenzi vichochoroni wakiwa peku maisha yao yote. Lakini huenda kwa mwendo wa kutembea, masafa mafupi, na mwenye punda anayejali anajua pia kwato zinavyoweza kurefuka na kupinda zisipochongwa.

Peku inawezekana kabisa kwa mbio za masafa marefu pale ardhi inapokubali. Wako farasi wanaomaliza kilomita 80 hivyo kwenye njia za udongo na mchanga, kwato zikiwa salama. Sharti lake ni maisha mazima ya farasi: atembee kila siku kwenye ardhi inayofanana na ya mbio, ale majani makavu yasiyo na sukari nyingi, achongwe kidogo kidogo, na apewe miezi ya kujenga unyayo. Anayemfungia farasi wake kwenye nyasi laini wiki nzima, kisha Jumamosi akampeleka peku kwenye changarawe kwa sababu "ndiyo asili yake", anamtesa. Asili haikumfungia zizini.

Chuma

Chuma hukomesha kulika. Hiyo ndiyo nguvu yake kuu, na kwenye graniti ni nguvu kubwa. Fundi mzuri hukiweka kwa umbo la ukwato wenyewe, hupigilia misumari kwenye nusu ya mbele ili visigino vibaki na nafasi ya kupanuka, na farasi anaweza kukaa nacho wiki tano au sita. Hakigeuki kwenye tope wala hakiingizi mchanga. Anayesema chuma ni ukatili moja kwa moja hajatazama farasi wengi walioiva kwenye mchezo huu, walioshiriki miaka na miaka wakiwa wamevaa chuma na kustaafu na miguu mizima.

Gharama zake nazo ni za kweli. Kiatu cha chuma huinua kabari na unyayo kutoka kwenye ardhi ngumu, kwa hiyo sehemu zile za kupokea kishindo hufanya kazi kidogo. Hakikunjiki, na mtikisiko wake hupanda mguuni zaidi ya ule wa plastiki au mpira. Kwenye lami na mwamba laini huteleza, isipokuwa kikiwekewa vidonge vya madini magumu, ambavyo navyo huleta shida nyingine kwa kuufunga mguu ghafla mahali ambapo ungeteleza kidogo. Uzito pia si wa kupuuza: kiatu cha gramu 300 hivi kinachoinuliwa mara 50,000 ni tani 15 kwa kila mguu, kwa siku moja. Alumini ina uzito wa theluthi moja ya chuma cha pua kwa ujazo uleule, lakini huisha haraka.

Hatari ninayoiona kubwa kuliko zote hizo ni kuchelewa kwa fundi. Ukwato wenye chuma haulikwi, kwa hiyo hurefuka. Wiki sita ni zaidi ya sentimita moja ya ziada kwenye ncha ya mbele, na urefu huo hukawiza ukwato kupinduka kila hatua, huku kano za nyuma ya mguu zikivutwa. Lawama nyingi zinazotupiwa chuma ni za wiki ya nane na ya tisa, na chuma chenyewe hakina kosa. Mahali ambapo fundi hupita mara moja kwa miezi miwili, chuma ni chaguo baya hata kama fundi huyo ni bingwa.

Buti

Wazo la kumvisha farasi kitu cha kuvua si geni. Warumi walikuwa na kiatu cha chuma kisicho na misumari, kilichofungwa mguuni kwa kamba. Buti za kisasa za plastiki na mpira zilianza kusambaa Marekani miaka ya 1970, mwanzoni kama tairi la akiba kwa farasi aliyepoteza kiatu. Leo ziko za aina mbili. Za kufunga huvaliwa na kuvuliwa kila safari, kwa waya, kamba au mikanda. Za kubandika hushikiliwa na gundi siku chache kabla ya mbio na kubanduliwa baadaye.

Mwaka 2012 Garrett Ford alishinda Tevis Cup juu ya farasi aitwaye The Fury, aliyekuwa amevaa buti za kubandika. Ni haki msomaji ajue kwamba Ford ndiye aliyekuwa mwenye kampuni inayozitengeneza. Lakini njia haijali nani anauza nini: farasi alipita kwenye mawe yaleyale, akakaguliwa na madaktari walewale, akafika wa kwanza. Baada ya hapo hoja kwamba buti ni za mazoezi tu ilikosa miguu ya kusimamia.

Uzuri wake ni kwamba farasi huishi peku, kisigino kikifanya kazi siku zote, na hulindwa saa zile tu ambazo kulika kungeshinda kukua. Buti hulinda unyayo wote, na ndani yake unaweza kuweka soli laini kwa farasi mwenye unyayo mwembamba. Anayechonga mwenyewe kila wiki mbili au tatu hangoji fundi.

Ubaya wake huanzia kwenye vipimo. Buti hupimwa kwa milimita, upana na urefu, mara baada ya kuchonga. Ikipwaya hugeuka, ikibana huchubua nyama laini ya kisigino, na mchubuko wa kilomita ya 30 huwa kidonda kilomita ya 80. Ukwato ukikua wiki tano bila kuguswa, buti iliyokuwa sawasawa haiingii tena. Tope zito huivua. Nyingi za kufunga ni nzito kuliko kiatu cha chuma. Na gundi haina huruma: ukwato ukiwa na unyevu, vumbi au mafuta ya kidole kimoja, buti itabaki kwenye korongo na farasi ataendelea bila hiyo. Wenye ujuzi hukausha, husugua kwa msasa, hukausha tena, kisha hawagusi.

Katikati ya chuma na buti kuna viatu vya plastiki vinavyokunjika, vya kupigiliwa au kubandikwa. Vinafaa sana kwa anayetaka utulivu wa kiatu cha kudumu bila ugumu wa chuma, na nadhani vitazidi kuenea.

Basi uchague vipi

Mtu anayeishi Dubai au Muscat asisome ushauri wa California kama msahafu. Mbio za Ghuba hukimbiwa zaidi kwenye njia tambarare za mchanga zilizotengenezwa, na washindi hupita wastani wa kilomita 25 kwa saa, kasi ambayo haiwezekani kwenye makorongo ya Tevis. Huko jiwe si adui mkuu; kasi ndiyo adui, pamoja na mchanga unaojipenyeza ndani ya buti na kusaga ngozi. Uzito wa kiatu huhesabika zaidi, na kila kilo ya mguu hulipwa na kano.

Kwa farasi mchanga ambaye bado anajengwa, msimamo wangu ni peku hadi mwili ukomae, na buti pale njia inapozidi unyayo wake. Kwa farasi mkubwa aliyezoea chuma, ana kisigino kipana, anamaliza bila tatizo na ana fundi anayekuja kwa wakati, sioni sababu ya kumbadilisha ili kuridhisha nadharia ya mtu. Kwa yule aliyezoea chuma lakini kisigino kimesinyaa, kabari imekuwa nyembamba na mwendo unatanguliza ncha, ningeondoa chuma msimu wa mbio unapoisha, siyo wiki tatu kabla ya mbio. Ukuta wenye matundu ya misumari huhitaji miezi kushuka na kuondoka, na unyayo huhitaji muda uleule kunenepa. Kuna pia njia ya katikati inayotumiwa na wengi: kuvisha miguu ya mbele tu, kwa kuwa ndiyo yenye mzigo, na kuiacha ya nyuma peku.

Chochote utakachochagua, kijaribu kwenye ardhi ya aina ileile kwa masafa yanayokaribia ya mbio, kisha kesho yake mwongoze farasi kwa matiti kwenye lami na usikilize. Milio miwili inayopishana kwa usawa, mmoja kwa kila jozi ya miguu, ni jibu. Mlio mmoja ukiwa mzito au mwepesi kuliko mwingine, rudi kwenye kwato kabla hujalipa ada ya kushiriki.

Na anayekwenda na chuma abebe buti moja nyuma ya tandiko, iliyokwisha kupimwa nyumbani kwenye ukwato wa mbele na wa nyuma ikiwa havilingani, pamoja na kifaa cha kung'olea misumari iliyobaki. Kiatu hung'oka penye mawe, na kwenye korongo katikati ya njia fundi hayupo.